Mnamjua DJ EZ, wa Kwenu Hammjui

Niko kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu tuliosoma pamoja Busia. Sasa tumetawanyika: wengi Nairobi, wawili Kampala, mmoja Leicester, wachache wamebaki nyumbani. Majuzi huyu wa Leicester alitutupia orodha ya ma-DJ na maprodyuza kumi waliounda UK garage. Siku mbili hatukulala. Huyu anasema baba yao ni Todd Edwards, yule anasema huwezi kuanza na Mmarekani ukamwacha DJ EZ, mwingine anamweka MJ Cole juu ya wote kwa sababu ya "Sincere" ya 1998. Mmoja tu, fundi wa magari pale Korinda, aliuliza kama hiyo gareji wanatengeneza na dizeli.

Nilichangia kama wengine. (Kwangu Wookie hana mpinzani, na sitaki mjadala.) Siku ya tatu nikauliza kitu kingine: usiku ule wa matanga kule Mundika, tukiwa kidato cha tatu, tulipocheza hadi umande ukalowesha viatu, DJ alikuwa nani? Alama za buluu zikajaa. Wote walikuwepo. Wanakumbuka ngoma zilivyofuatana, wanakumbuka jenereta ilipozimika, wanakumbuka nani alitoroka na nani. Jibu la kwanza lilikuja baada ya saa nzima: "Si alikuwa yule jamaa wa kofia?"

Yule jamaa wa kofia. Mtu aliyetufundisha kucheza, kusikiliza, hata kutongoza, na kitu pekee tulichobaki nacho ni kofia yake. Lakini wa London tunajua hadi mwaka walioanza.

Sina ugomvi na London. Ugomvi wangu ni na sisi watu wa mpakani, tuliolelewa na ma-DJ kuliko tulivyolelewa na redio, na ambao tumewalipa kwa kuwasahau. Halafu tunashangaa kwa nini kazi yao ilifutwa na chifu mwenye karatasi moja na muhuri.

Kwanza tuwe wakweli kuhusu hiyo garage yenyewe, maana wengi wenu mnaizungumzia kana kwamba ilizaliwa kwenye ukumbi wenye zulia. Jina limetoka Paradise Garage, klabu ya New York alikokuwa akipiga Larry Levan. Mapema miaka ya 1990, ma-DJ wa London wakawa wanachukua sahani za Kimarekani, wanageuza upande ule wenye biti na maneno machache, wanaongeza kasi, wanapiga Jumapili kwa watu ambao hawakutaka wikendi iishe. Hawakutunga kitu. Walikuwa wanacheza nyimbo za watu, vibaya kidogo, kwa kasi isiyo yake. Kisha Todd Edwards, kule New Jersey, akaonyesha kwamba sauti ya mwimbaji unaweza kuikatakata kama sukuma wiki, ukaipanga upya ikawa ala. Waingereza wakaidaka. Wakang'oa teke la ngoma kwenye pigo la pili na la nne, wakaacha besi na vipande vya sauti vijaze pengo, na ndipo ikaja ile 2-step inayokufanya utikise bega kabla hujajua kwa nini. Mapigo kama 130 kwa dakika.

Na ilisikika wapi? Kwenye redio zisizo na leseni. Antena juu ya maghorofa ya watu maskini, serikali ikija kuzivunja jamaa wanahamia ghorofa lingine. Rinse FM ilianza hivyo mwaka 1994 na haikupata leseni hadi 2010. Miaka kumi na sita ya magendo.

Magendo. Neno hilo Busia halihitaji kamusi.

Sisi ni watu wa sukari, mayai na petroli ya mitungi. Sisi ndio tulioipa dunia neno boda boda, kwa sababu kulikuwa na vijana wenye baiskeli waliobeba watu na mizigo kutoka boda hadi boda, katika ule mwendo kati ya forodha ya Kenya na ya Uganda. Leo neno hilo linatumika hadi nchi ambazo hazijui Busia iko wapi, na hatuna jina hata moja la wale waendesha baiskeli wa kwanza. Angalia tabia yetu ilivyoanza mapema.

Muziki nao ulipita njia hizohizo za panya. Chameleone na Bebe Cool, kabla Kampala haijawainamia, walirekodi Nairobi na Ogopa DJs. "Bageya," aliyoimba Chameleone na Redsan, ni wimbo wa Mganda uliopikwa Kenya. Kisha zile ngoma zikarudi Uganda, zikakua, zikavuka tena kuja kwetu zikiwa zimevaa suti. Kituo kikuu cha redio cha Nairobi kilikuwa kikichagua chache. Zilizobaki zililetwa na mtu. Mtu huyo alivuka Jumamosi asubuhi hadi upande wa Sofia, akakaa kwenye kibanda cha kuuza nyimbo, akajaza flashi, akairudisha ndani ya soksi ingawa hakuna afisa wa forodha aliyewahi kuuliza ushuru wa wimbo. Alikuwa anaificha kwa sababu ya ma-DJ wengine. Ngoma mpya ilikuwa mali, kama vile kule London DJ aliyekatiwa sahani yake peke yake hakumwachia mwenzake aishike.

Jioni ile flashi inafika matangani.

Kwa wewe ambaye hukukulia magharibi: disko matanga ni usiku wa kabla ya mazishi. Familia ina deni la jeneza, la mochari, la chakula. Vijana wanakodi DJ, anafunga turubai, jenereta linanguruma nyuma ya choo, na anayeingia analipa. Mshereheshaji anauza densi kama mnada: unatoa hamsini ucheze na fulani, mwingine anatoa mia ili ukae chini. Pesa ni za wafiwa, angalau kwa maneno.

Sasa mfikirie huyo DJ. Ana laptopu yenye Virtual DJ ya kunakili, mikisa yenye kitufe kimoja kilichokufa, na spika mbili juu ya kreti za bia. Mbele yake kuna shangazi wanaotaka gitaa la omutibo, madereva wa malori waliokwama Malaba siku tatu na wanataka lingala, vijana wa Burumba wanaotaka riddim tu, wajomba Wateso ambao wakikosa wimbo wao watasusia, na wakwe kutoka ng'ambo wanaosubiri Uganda iguswe. Wote wana huzuni, wengi wamelewa, wachache wana visu. Hana mlinzi. Silaha yake ni wimbo unaofuata.

Nilimwona yule jamaa wa kofia akitoka kwenye reggae ya polepole hadi ohangla bila mtu yeyote kukaa chini. Alikamata sauti moja ya mwimbaji wa reggae, akairudisharudisha, akaipandisha kasi taratibu, na nyatiti ilipoingia ilikuwa kama imekuwepo muda wote. Todd Edwards anaitwa bwana wa vipande vya sauti, na ni haki yake. Huyu wetu alifanya hivyo kwa mkono mmoja, wa pili umeshika tochi. Saa kumi alfajiri akaanza kushusha. Wazee walipotoka nje kunawa uso ilikuwa pambio inapigwa, na huwezi kusema densi iliishia wapi na sala ikaanzia wapi. Nimelipa elfu mbili kuingia klabu Westlands kusikiliza watu wasioweza hilo.

Mtaniambia hawa walikuwa wanacheza tu nyimbo za wenzao. Wengine watasema wezi: CD za kunakili, flashi, mwimbaji hapati senti. Ni kweli, mwimbaji hakupata, na sitasema ilikuwa haki. Lakini hata DJ hakupata kitu cha maana. Elfu mbili, elfu tatu, toa mafuta ya jenereta, toa nauli ya spika. Na kama kupiga nyimbo za wenzako bila leseni kunamfuta mtu kwenye historia, basi futeni garage yote, muanze na wale mnaowapigania WhatsApp.

Sheria nayo haitusaidii. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema mwenye rekodi ya sauti ni yule aliyefanya mipango ya kuirekodi. Aliyefanya mipango. Si lazima awe aliyekesha akitengeneza biti. Mwenye pesa anaweza kupanga, mwenye kipaji akapiga, na karatasi ikamjua wa kwanza. Ndiyo maana nilishangilia mwaka 2019, pale "Uno" ya Harmonize ilipoondolewa YouTube baada ya Magix Enga kulalamika kwamba imetumia biti yake ya "Dundaing," ule wimbo wa King Kaka na Kristoff. Watu walimtukana sana. Eti ana wivu, eti anaharibu undugu wa Afrika Mashariki. Undugu gani unaodai mmoja awe jina na mwingine awe mashine?

Wapo waliojua kuandika jina lao pasipo karatasi. Ogopa DJs, wale ndugu Bikedo, Francis na Lucas, walijificha kamera miaka yote hiyo. Ungepita nao Moi Avenue usiwajue. Lakini kila wimbo waliotoa, wa E-Sir, wa Nameless, wa Kleptomaniax, ulianza kwa jina kutajwa kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Clemo wa Calif Records alifanya hivyo na akina Nonini na Jua Cali, na mtaa wa California kule Eastleigh ukajulikana hadi Port Victoria kwa watu ambao hawajawahi kufika Nairobi. Hizo sauti mnazozilalamikia, DJ anapopayuka juu ya wimbo na kutaja jina lake na namba ya simu, nyinyi mnasema anachafua ngoma. Mimi pia nilisema hivyo nilipokuwa mjinga. Hiyo ndiyo hati miliki pekee aliyonayo.

Na jina likishikwa, angalia linaweza kufika wapi. Zimbabwe walikuwa na aina nzima ya muziki walioiita kanindo. Huyo ni mtu: Phares Oluoch Kanindo, prodyuza wetu wa benga, ambaye sahani zake zilifika kusini zikiwa na jina lake kwenye lebo. Watu wa Harare hawakujua wapiga gitaa wote, wakausoma mduara wa karatasi katikati ya sahani, wakauita muziki wote kwa jina la aliyeutoa. Kijana wa Busia leo, mwulize Kanindo ni nani.

Karibu zaidi, kule Gulu, Otim Alpha na Leo PaLayeng waliuchukua muziki wa harusi za Waacholi wakauingiza kwenye kompyuta. Muziki wa harusi, kwa watu wa kawaida, wasioweza kukodi kundi zima la wachezaji. Una tofauti gani na wetu wa matanga? Tofauti ni kwamba mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa "Gulu City Anthems," ikaweka majina kwenye kava, na sasa mabwana hao wanapiga Ulaya. Mwaka uleule ikatoa "Sounds of Sisso," singeli ya Dar es Salaam, na studio ya uswahilini ikawa habari ya dunia. Walioanzisha lebo hiyo, Arlen Dilsizian na Derek Debru, si wenyeji wa Uganda, ni wageni waliohamia Kampala. Siwalaumu, nawashukuru. Lakini tamasha lao lilianzia Jinja, barabara ileile ya basi letu la Kampala, na sisi tulikuwa tunapita dirishani tukisikiliza orodha za watu wa London.

Sasa ile karatasi ya chifu.

Disko matanga zilipigwa marufuku. Busia, Siaya, Kakamega, kila msimu afisa mpya wa utawala na tangazo jipya. Na hapa sitawadanganya: wasichana waliumizwa kwenye disko matanga. Wengine walibakwa kwenye migomba, hatua hamsini kutoka kwenye spika, na wengine hawakurudi shule. Dada yangu hakuruhusiwa kuhudhuria hata moja, na mama alikuwa sahihi. Anayelilia disko matanga irudi kama ilivyokuwa hajawahi kuwa msichana Busia saa nane usiku.

Lakini tazama kilichopigwa marufuku. Aliyebaka aliendelea kuishi kijijini. Wengi tunawajua, wengine ni wazee wa kanisa sasa. Kilichochukuliwa na polisi ni mikisa na spika.

London nao walikuwa na karatasi yao. Iliitwa Fomu 696. Polisi wa jiji waliianzisha mwaka 2005: ukitaka kuandaa usiku wa ma-DJ na ma-MC, ujaze majina, anwani na simu za watakaopiga. Mwanzoni iliuliza hata aina ya muziki na wahudhuriaji ni watu wa kabila gani. Waliobanwa walikuwa vijana weusi wa garage na waliokuja baada yao. Fomu hiyo ilifutwa Novemba 2017. Ilifutwa kwa sababu kulikuwa na watu wa kusimama na kusema: mimi fulani, nimepiga muziki huu miaka hii yote, magazeti yananijua, na karatasi hii ni ya ubaguzi. Meya akasikiliza, kwa sababu majina yale aliyajua.

Sisi tungemsimamisha nani mbele ya kamishna wa kaunti? Jamaa wa kofia? Hapakuwa na mtu wa kusema: sawa, ondoeni usiku wa gizani, tupeni ukumbi mjini wenye taa, mlinzi na saa ya kufunga, tuendelee na kazi. Hoja hiyo ilikuwepo. Iliyokosekana ni sura ya kuibeba. Kitu kilichoitwa "disko" tu, kisicho na mwenyewe, unakifuta kwa sentensi moja na hakuna anayekuja ofisini kulia.

Nilimtafuta. Ilinichukua wiki tatu na simu nyingi, hadi muuza CD mmoja wa zamani pale Marachi akanielekeza kwa dada yake. Alifariki mwaka jana, figo. Baada ya marufuku aliuza spika, akabaki na kibanda cha kuweka nyimbo kwenye simu, na simu zilipoanza kujiwekea nyimbo zenyewe akafunga na kile. Deni la hospitali lilipobana, laptopu ikauzwa. Dada yake anasema ilikuwa na nyimbo na mikisi za tangu alipoanza, zimepangwa kwa folda: Teso, Samia, Uganda Mpya, Uganda Zamani, Alfajiri. Aliyeinunua alikuwa mwanafunzi wa chuo. Aliifuta yote siku ileile, aweke programu zake. Simlaumu. Angejuaje?

Kwenye mazishi, wasifu uliosomwa ulisema marehemu hakubahatika kupata kazi. Usiku wake wa matanga haukuwa na muziki, naibu wa chifu alikuja mwenyewe kuhakikisha.

Jina lake nimelituma kwenye kile kikundi. Hapa siliandiki hadi mama yake akubali, maana kaburi bado bichi na watu wana maneno. Akikubali, gazeti hili litalichapa kwa herufi kubwa, mhariri ameniahidi.

Wakati tunasubiri, acheni orodha za kumi bora kidogo. Mko na shangazi huko Amagoro, Bumala, Matayos, Malaba, wenye droo zilizojaa CD zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Msiache zitupwe Desemba mkienda kupaka nyumba rangi. Zileteni, tuzinakili, tuulize nani alipiga, tuandike. Kaunti ina wizara yenye neno utamaduni kwenye jina lake, na tunaanza kuiandikia barua mwezi ujao kuhusu huo ukumbi wenye taa. Anayetaka kutia sahihi aseme.

Mimi ninayo CD moja. Imekwaruzika, lakini wimbo wa tatu hadi wa saba bado unasoma, na katikati ya wa tano anataja jina lake mara mbili.